Kusomea shahada ya usafi wa kinywa na meno ukitokea Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi Lubumbashi na shahada yangu kutoka Afrika Kusini, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha. Mara ni kijana wa Katuba aliyetoka tu kupata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, mara ni muuguzi aliyechoka na zamu za usiku, mara ni mzazi anayeuliza kwa niaba ya binti yake. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Pale watu wanapopotezea pesa na miaka nimekaa zaidi. Kwingine jibu ni fupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi.

Yaya, hijienisti wa meno ni nani? Si daktari wa meno ambaye hakumaliza masomo?

Hapana, na swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Daktari wa meno huziba matundu, hutibu mzizi, hung'oa na kutengeneza meno ya bandia. Hijienisti anashughulikia yale yanayotangulia maumivu: anapima fizi, anaondoa ukoga na ule ukoga uliogeuka jiwe tunaouita tartari, anapaka floridi, anafunika mikunjo ya magego ya watoto kabla hayajatoboka, na anamfundisha mtu namna ya kulinda kinywa chake. Katika nchi nyingi anapiga pia picha za eksirei. Ni taaluma yenye masomo yake, mtihani wake na mipaka yake.

Ilianzia Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani. Daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha binamu yake Irene Newman, aliyekuwa msaidizi wake, kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906. Mwaka 1913 akafungua darasa la kwanza, na wahitimu wake wakapelekwa kwenye shule za mji huo kuhudumia watoto. Nalipenda jambo hili: kazi yetu ilipata umbo lake shuleni, kwa watoto.

Naweza kuisomea hapa hapa Lubumbashi?

Njia zilizozoeleka nchini kwetu ni mbili. Ya kwanza ni udaktari wa meno, ambao Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kitivo chake. Ya pili ni taaluma za afya za ISTM, vyuo vyetu vya juu vya ufundi wa tiba, kama uuguzi na maabara. Anayetaka shahada yenye jina la usafi wa kinywa juu yake huvuka mpaka, kama nilivyovuka mimi.

Sababu ni ya kihistoria. Elimu yetu ya juu tuliirithi kwa Wabelgiji, na vitabu vyetu vingi vinatoka Ufaransa. Ufaransa hadi leo haiitambui kazi ya hijienisti. Huko kusafisha tartari kwa kawaida ni kazi ya daktari wa meno mwenyewe. Ubelgiji iliitambua rasmi mwaka 2018 tu, miaka miwili baada ya shahada ya kwanza kuanzishwa upande wa Flanders, kwa Kiholanzi. Walimu wetu wangetufundisha vipi taaluma ambayo kwao haikuwepo?

Basi niende wapi?

Kwa mtu wa Lubumbashi, mlango ulio karibu ni kusini. Afrika Kusini hijienisti anasomea chuo kikuu: Chuo Kikuu cha Western Cape na kile cha Witwatersrand vina shahada ya miaka 3, na mhitimu anasajiliwa na baraza la taaluma za afya, HPCSA, kabla ya kumgusa mgonjwa. Masomo ni kwa Kiingereza. Ukipanda basi hapa unapitia Kasumbalesa na Zambia, safari ya siku kadhaa, kwa hiyo wazazi wanaweza kukufikia bila kuuza kiwanja kwa ajili ya tiketi ya ndege.

Kanada inavutia wengi kwa sababu ya Kifaransa cha Québec, lakini angalia vizuri. Québec mafunzo ya hijienisti ni ya miaka 3 katika koleji, na cheti unachopata ni cha koleji, siyo cha chuo kikuu. Ni mafunzo mazuri kabisa. Tatizo linakuja unaporudi nyumbani na mtu wa ofisi anakuuliza: hii ni licence, yaani shahada ya kwanza, au siyo? Shahada kamili utaipata, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Alberta au cha British Columbia, na huko ni Kiingereza.

Marekani wengi huingia kazini kwa diploma ya koleji, na wengine huendelea hadi shahada ya miaka 4. Vyovyote iwavyo, kuna mtihani wa kitaifa wenye maswali 350, kisha leseni ya jimbo unalotaka kufanyia kazi. Leseni ya jimbo moja haikupi ruhusa katika jimbo la jirani.

Afrika Mashariki majina hubadilika, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hutoa diploma ya afya ya kinywa kwa jamii. Chuo Kikuu cha Rwanda kina shule ya meno. Kwingine utakutana na kitu kinachoitwa tiba ya meno, ambacho mhitimu wake anaruhusiwa kung'oa na kuziba meno mepesi. Hiyo ni kazi ya heshima na kwa vijiji vyetu inaweza kufaa sana, ila si hijieni. Usisome jina la kozi peke yake. Soma orodha ya masomo na kazi ambazo sheria ya nchi hiyo inamruhusu mhitimu kuzifanya.

Kuna komisyonere, dalali wa vyuo, ananiahidi nafasi kwa haraka. Nimlipe?

Ndugu yangu, nisikilize. Mwaka wangu wa kwanza nje niliupoteza kwa sababu hiyo. Mtu mmoja, tuliyemwamini kwa kuwa alisali na mjomba, alichukua pesa za minervali, yaani karo, na pesa za "dosye", yaani faili la maombi. Barua aliyoniletea ilikuwa na muhuri mzuri wa rangi mbili. Nilipofika nikakuta jengo la ghorofa moja, madarasa mawili, na chumba cha mazoezi chenye kiti kimoja cha meno ambacho maji yake hayakutoka. Tulikuwa wanafunzi 40 na zaidi. Mwezi wa nne tukaelezwa kwamba kozi "inasubiri" kutambuliwa na baraza. Mama alikuwa amekwisha kuuza friji yake ya biashara. Sikumwambia kwa miezi miwili. Nilikuwa ninampigia simu na kumdanganya kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya senti yoyote kutoka mfukoni, liandikie baraza la taaluma la nchi hiyo mwenyewe, siyo chuo, uulize kama kozi hiyo imeidhinishwa na kama mgeni aliyeimaliza anaruhusiwa kusajiliwa. Kisha kiulize chuo kina viti vingapi vya kliniki na kila mwanafunzi anahudumia wagonjwa wangapi kabla ya kuhitimu. Chuo cha kweli hujibu swali hili bila kusitasita, kwa sababu hesabu hiyo huwa wameiandika. Mwisho, minervali ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Anayekuomba umtumie kwa simu, kwa jina la mtu, mwache.

Sekondari nilisoma Biochimie (biolojia na kemia) na nina asilimia 58. Inatosha?

Biochimie ni msingi mzuri, maana karibu vyuo vyote vinadai biolojia na kemia, na vingine hesabu au fizikia. Kuhusu asilimia, usiogope wala usijitape. 58 yetu husomwa tofauti kila nchi. Afrika Kusini, kwa mfano, diploma yetu ya Serikali lazima ipitie tathmini yao kwanza ili ikubalike kwa masomo ya chuo kikuu. Unahitaji diploma yenyewe, siyo karatasi ya muda tu, buletini (ripoti za shule) za miaka ya mwisho, na tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri aliyeapishwa. Anza mapema. Mimi diploma halisi ilichelewa kutoka, na nafasi yangu ya kwanza ilipita hivyo hivyo.

Kiingereza ndicho kikwazo kikubwa kwa watu wetu kuliko alama. Darasani utasikia majina ya mishipa, misuli na bakteria kwa kasi, na kliniki utatakiwa kumweleza mgonjwa kwa maneno mepesi. Jipe mwaka mzima wa kujifunza kabla ya kuondoka.

Mimi ni muuguzi A1, wa ngazi ya elimu ya juu. Nitaruka mwaka wa kwanza?

Pengine utasamehewa masomo mawili matatu, kama anatomia na fiziolojia, chuo kikikubali. Kuruka mwaka mzima ni nadra, kwa kuwa anatomia ya kichwa na mazoezi ya mikono huanza hapo hapo mwaka wa kwanza. Faida yako iko kwingine: umezoea wagonjwa, damu haikutishi, na unajua kufunga chombo kwa ajili ya otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Wenzangu waliotoka moja kwa moja sekondari walihitaji miezi kupata utulivu huo.

Tunafundishwa nini hasa? Miaka 3 ya kupiga mswaki?

Niliwahi kuulizwa hivi na mtu mzima mwenye heshima zake, naye hakuwa anatania.

Mwaka wa kwanza ni anatomia ya kichwa na shingo, umbo la kila jino, bakteria, kemia ya mate. Unajifunza kuyaita meno kwa namba: 11 na 21 ni yale mawili ya mbele juu, 36 ni gego la kwanza la chini kushoto. Unajifunza kwa nini chai ya sukari inayonyweka kidogo kidogo asubuhi nzima ni mbaya kuliko chai hiyo hiyo ikinywewa mara moja. Baada ya sukari kuingia, bakteria hutengeneza asidi na pH ya utando ulio juu ya jino hushuka chini ya 5.5, kiwango ambacho madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuirudisha. Mlinzi wa lango aliye na chupa ya sukre (soda) karibu yake kutwa nzima hayapi mate nafasi hiyo hata mara moja. Ukilielewa hili, mashauri yako kwa mgonjwa yanabadilika: humwambii tu "acha sukari", unamwambia ainywe pamoja na chakula kisha aishie hapo.

Halafu inakuja mikono. Kwanza unafanyia kazi kichwa cha plastiki. Unakaa kwenye kiti cha magurudumu, na kichwa cha mgonjwa kinachukuliwa kama saa: ukitumia mkono wa kulia unazunguka kati ya namba 8 na namba 12 za uso wa saa. Kidole cha pete kinakaa juu ya jino la jirani, kama mguu wa meza, ili chombo kisiteleze kikachana ufizi. Kalamu ya chuma yenye ncha iliyopinda inaingia chini ya tartari, unaisukuma kidogo pembeni, unavuta juu. Siku ya kwanza niliyomhudumia mtu halisi, mwalimu alinisimamia kwa nyuma. Nilikuwa kwenye meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, mahali ambapo tezi za mate humwaga na tartari hujaa kuliko kwingine. Nilisikia kwenye vidole kwanza, mkwaruzo mdogo, halafu kipande cha rangi ya chai kikaruka kikagonga kioo changu. Chini yake ufizi ulikuwa mwekundu kama umechomwa. Mwalimu alisema neno moja tu: tena.

Kuna pia kupima fizi kwa kijiti chenye alama za milimita, sehemu 6 kwa kila jino. Mwenye meno yote 32 ana vipimo 192, na unaviita kwa sauti mwenzako akiandika. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni salama. Kuanzia 4 unaanza kuuliza maswali. Ikifika 6 au 7, mfupa unaoshika jino umekwisha kuliwa, na mgonjwa mara nyingi hana maumivu yoyote. Anasema kama wanavyosema kwetu: "Inatokaka tu damu kila asubui, niliona ni kawaida."

Mwaka wa mwisho ni kliniki, afya ya jamii, na utafiti mdogo. Shuleni na kwenye zahanati ndiko nilikojifunza zaidi.

Kwani detartraji, huko kusafisha tartari, haiharibu meno? Mama anasema iliyalegeza ya jirani yake.

Jibu hili kila mwanafunzi lazima alijue kwa moyo, maana utaulizwa maisha yako yote. Nilimhudumia mama mmoja wa Kenya, hii komini yetu ya Lubumbashi, siyo ile nchi, aliyekuwa na tartari imeunganisha meno manne ya chini kama saruji. Nilipomaliza alipitisha ulimi, akakuta nafasi kati ya meno, akashika shavu na kusema kwa sauti iliyosikika hadi nje: "Ulinitosha kipande ya jino!" Yaani nimemtoa kipande cha jino. Nikampa kioo. Nikamwonyesha vipande kwenye kitambaa, nikamwomba avivunje kwa kucha. Vilivunjika. Jino halivunjiki kwa kucha.

Kilichotokea ni kwamba fizi na mfupa vilikuwa vimeshuka zamani, na ile tartari ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia meno. Kuiondoa kunaonyesha ugonjwa uliokuwepo tayari. Mweleze mgonjwa hivyo kabla ya kuanza, kamwe si baada ya kumaliza. Mimi siku hiyo nilieleza baada, na lilikuwa kosa langu. Alirudi baada ya wiki tatu, damu imekoma, akamleta na dada yake.

Masomo haya yanapatikana kwa intaneti?

Nadharia, sehemu yake. Mikono, hapana. Shahada za mtandaoni utakazoziona Marekani zimetengenezwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni mahijienisti wenye leseni na wanataka kupanda daraja.

Ni kazi ya wanawake?

Wanawake ni wengi, ni kweli. Darasani kwetu wavulana walikuwa watatu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote.

Nikirudi Lubumbashi nitapata kazi?

Nitasema ninachokiona. Katika kabineti (kliniki za meno) nilizopitia hapa mjini, daktari wa meno husafisha tartari mwenyewe, na huwa hapendi, kwa sababu inamchukua saa nzima huku foleni ya wenye maumivu ikingoja. Hapo ndipo pa kuingilia. Usiende na karatasi tu. Omba akupe wagonjwa watatu, aangalie. Mimi niliingia hivyo, kwa majaribio ya wiki mbili, na sasa nina siku zangu nne kwa wiki.

Upande wa karatasi, shahada ya nje lazima ipate ekivalansi, yaani kutambuliwa kuwa sawa na ya hapa, katika wizara ya elimu ya juu, Kinshasa. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze kutumika kwa wote mwaka wa masomo 2021-2022, licence yetu ni miaka 3 na krediti 180, zile alama za uzito wa masomo, kwa hiyo shahada ya miaka 3 inalingana nayo vizuri kuliko zamani. Beba maelezo ya kila somo na saa zake, yenye muhuri wa chuo. Wengi hubeba cheti peke yake, halafu wanalazimika kukiandikia chuo wakiwa mbali.

Fanya kazi pamoja na daktari wa meno, na usivuke mpaka wa ulichosomea. Mtu akikuta umeandika "hijienisti" mlangoni atakuomba umng'olee jino, na atakubembeleza kwa sababu bei yako iko chini. Kataa. Mwelekeze kwa daktari.

Na uhitaji upo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa, na kwa Afrika limehesabu kama madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000. Kwa uwiano huo hatuwezi kungoja kila jino litoboke ndipo tulitibu.

Kuna mambo ya meno ya Kongo ambayo vitabu vya kigeni havifundishi?

Yapo, na mawili siwezi kuyanyamazia. La kwanza ni meno ya kahawia ya ndugu zetu wanaotoka Goma na pande za Nyiragongo. Gesi ya volkano hubeba floridi, mvua huishusha kwenye matangi, na mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka hutoka na madoa ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Nimesikia watu wakimwita mtu kama huyo mchafu. Hijienisti anapaswa kujua kutofautisha, na kumwambia mgonjwa kwa sauti, mbele ya aliyemsindikiza, kwamba si uchafu. Kwa sisi wengine floridi kwa kipimo ni kinga; kwenye dawa ya meno tafuta kiwango cha 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa milioni) kilichoandikwa nyuma ya tyubu.

La pili ni noma. Inaanza kama fizi inayooza na kunuka, mara nyingi kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6 aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, na katika siku chache inatoboa shavu. Isipotibiwa huua hadi watoto 90 katika 100. Ikiwahiwa mapema, usafi wa kinywa, antibiotiki na chakula vinaisimamisha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa tarehe 15 Desemba 2023. Ukiinua mdomo wa mtoto ukaona ufizi wa kijivu unaonuka, usimpe miadi ya wiki ijayo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uende naye.

Nifanye nini tangu sasa, kabla ya kuondoka?

Chanjo ya homa ya ini B: dozi 3, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kliniki nyingi hazikuruhusu kumgusa mgonjwa bila hiyo, na miezi 6 si michache. Pasipoti. Kiingereza kila siku. Omba kabineti moja ya mtaani kwako ikuruhusu kukaa pembeni na kuangalia, hata Jumamosi tu kwa mwezi mmoja. Ukiona harufu, mate na damu vinakushinda, umejua bila kutumia dola hata moja. Na uzoeshe mgongo kukaa wima. Walimu wetu wawili waliacha kliniki mapema kwa sababu ya shingo.

Ukija kuniona, njoo na buletini zako. Nitazipitia pamoja nawe, na barua kwa baraza tutaiandika hapo hapo mezani.